Kwa Ajili ya Sekela

Wiki ile Mwalimu Yustina alikuwa anafundisha kidato cha tatu jinsi Kiingereza kinavyotaja sababu na kusudi. Aligawa ubao katikati kwa mstari wa chaki. Kushoto aliandika "because of" na "due to", akasema hizo ni za sababu, za jambo lililotangulia likasukuma lingine. Kulia aliandika "so that" na "in order to", akasema hizo ni za kusudi, za jambo lililo mbele ambalo mtu analifuata. Wanafunzi walinakili huku wakipuliza vidole, maana ilikuwa Juni, na baridi ya Tukuyu mwezi huo haina huruma kwa mkono ulioshika kalamu.

Msichana mmoja wa dawati la mbele akauliza, "Mwalimu, na 'kwa ajili ya' inakaa upande gani?"

"Because of," alijibu Yustina bila kugeuka, akaendelea kuandika mifano.

Alikuwa mwalimu mzuri na alijua hivyo. Alizaliwa Muleba, ng'ambo ya pili ya nchi, akapangiwa kazi Rungwe mara tu alipomaliza chuo, na kwa miaka michache aliyokaa pale alikuwa amejulikana mji mzima. Ilikuwa ni miaka ya soko huria. Maduka mapya yalifunguliwa kila mwezi, wanunuzi binafsi wa kahawa walishindana na ushirika, na kila mzazi aliona kwamba mwanawe asipojua Kiingereza ataachwa nyuma. Wakimkuta Yustina sokoni akichagua mitumba, walimsimamisha kumwomba tuisheni.

Ndiyo maana Mchungaji Nsajigwa alipokosa mkalimani alikwenda moja kwa moja kwake. Wageni wawili kutoka Ulaya, wa kanisa rafiki, walikuwa wamekuja kusaidia ujenzi wa wodi ya wazazi kule kijijini Masoko. Bwana mmoja aliyezoea kuwatafsiria alikuwa amehamishiwa Dodoma.

"Ni maneno machache tu, mwalimu," alisema Mchungaji. "Wataona shamba, watasalimia watu, watarudi. Jumamosi ndiyo kutakuwa na shughuli yenyewe ya kuweka jiwe la msingi."

Yustina alikubali kwa furaha. Siku ya Jumanne alivaa sketi yake ya kijivu ya sherehe na kupanda gari la kanisa pamoja na wageni. Bwana Stefan alikuwa mtu mnene, mwepesi wa utani, na mwenzake Bi. Karin alikuwa mama wa makamo aliyezoea kuuliza maswali. Kiingereza kwao pia kilikuwa lugha ya shuleni, nao walikisema polepole, jambo lililompa Yustina moyo.

Shamba lilikuwa kando ya barabara, tambarare, pahali gari lingeweza kufika hata wakati wa masika. Mashimo ya mibuni iliyong'olewa yalikuwa bado mabichi. Watu wa Masoko walikuwa wamekusanyika na kwaya ikaimba. Kisha Mchungaji akamleta mbele mzee mfupi aliyevaa koti refu jeusi, kofia mkononi, mwavuli kwapani.

"Huyu ni Mzee Ambindwile," alisema. "Ndiye aliyetoa shamba."

Bi. Karin alimshika mkono, akatazama yale mashimo, akauliza. Yustina akatafsiri: "Mzee, mgeni anauliza, kwa nini umetoa shamba zuri kiasi hiki? Tena umeng'oa kahawa."

Mzee Ambindwile aliigeuza kofia yake mkononi. Kiswahili kwake kilikuwa lugha ya barazani na ofisini, si ya nyumbani, na alikitamka neno moja moja.

"Nimetoa kwa ajili ya mke wangu," alisema. "Kwa ajili ya Sekela."

Yustina hakusita. "He gave it because of his wife, Sekela."

Bwana Stefan akatoa kicheko kikubwa. "Naelewa kabisa!" alisema kwa Kiingereza. "Hata nyumbani kwangu ni hivyo hivyo. Mke akishasema, unafanya nini? Unatoa!" Akampiga Mchungaji bega. Bi. Karin naye akacheka, akatikisa kichwa kwa kumkemea mwenzake. Mchungaji, ambaye hakuwa ameelewa hata neno moja, alicheka kama mwenyeji anavyocheka mgeni anapofurahi. Wanakwaya waliokuwa karibu wakatabasamu. Na Yustina, akiwa amefurahi kwamba mambo yanakwenda vizuri, alicheka pia.

Mzee Ambindwile alitazama nyuso zao, mmoja baada ya mwingine. Akavaa kofia yake. Akavuka barabara bila kuaga mtu, akaingia kwenye migomba, na koti lake jeusi likapotea.

"Amechoka?" Bwana Stefan aliuliza.

Kabla Yustina hajajibu, mwanamke kijana mwenye mimba kubwa, aliyejifunga kitenge juu ya sweta, alimvuta mkono pembeni.

"Mwalimu, umewaambia nini?"

"Nimewaambia alichosema mzee. Wewe ni nani?"

"Mimi ni Lugano, binti yake. Nimesoma mpaka kidato cha pili, nimesikia 'wife', nimesikia na 'because'. Mbona wamecheka?"

Yustina aligeuka kuwatazama wageni, waliokuwa bado wanatabasamu.

"Mama amekufa, mwalimu," alisema Lugano. "Alikufa siku aliyonizaa mimi, njiani, wakimpeleka hospitali. Watu wote hapa wanajua. Ninyi mmesimama hapo mkacheka."

Honi ya gari ilikuwa inalia. Mchungaji alikuwa anaita, kwani ukungu ulikuwa unashuka na wageni walitakiwa Tukuyu. Yustina aliingia garini. Alitaka kusema kitu palepale, lakini Bwana Stefan alikuwa ameanza kueleza habari za mabati na kenchi za paa, akimtaka amtafsirie Mchungaji. Akatafsiri mabati na kenchi mpaka wakafika mjini, na lile jambo likabaki halijasemwa.

Kesho yake Mchungaji Nsajigwa alikuja shuleni wakati wa mapumziko. Alikataa kiti.

"Ambindwile amenitumia ujumbe," alisema. "Anasema jiwe la msingi tukaliweke kwingine. Shamba lake anapanda migomba. Mwalimu, mimi simwelewi. Mtu ametoa shamba mwenyewe, kwa hiari yake, ameng'oa kahawa wakati huu ambao wanunuzi wanakimbizana na kahawa, watu wamemwita mwendawazimu akanyamaza. Leo anageuka. Jumamosi nitawaambia nini wageni?"

Yustina alimweleza. Alieleza neno kwa neno, alichosema mzee, alichosema yeye, na alichojibu Bwana Stefan. Mchungaji alisikiliza hadi mwisho, kisha kile kiti alichokikataa akakikalia.

"Na mimi nilicheka," alisema polepole. "Sekela nilimzika mimi. Nilikuwa mwinjilisti kijana, ndiyo kwanza nimepewa usharika wa kule. Halafu nimesimama mbele ya mumewe nikacheka kitu nisichokijua."

Watoto walikuwa wanapiga kelele uwanjani.

"Nitakwenda na wazee wa kanisa tumwombe radhi," Mchungaji alisema mwishowe.

"Niache niende mimi kwanza," alisema Yustina. "Neno lilitoka kinywani mwangu."

Alhamisi aliomba ruhusa kwa mkuu wa shule, akapanda pikapu ya mnunuzi wa kahawa iliyokuwa inashuka Masoko. Alikaa nyuma juu ya magunia matupu, akijifunika mtandio, mvua nyembamba ikimchoma usoni. Njia nzima alikuwa anatunga maneno ya kuomba msamaha. Alipofika hakukumbuka hata moja.

Mzee Ambindwile alikuwa uani, ameketi kwenye kigoda mbele ya rundo la buni zilizochumwa asubuhi kwenye mibuni iliyobaki nyuma ya nyumba, akitenga mbichi na zilizoiva. Lugano alikuwa jikoni. Moshi ulitoka kwenye nyasi za paa na kulala juu ya migomba.

"Ugonile, tata," alisema Yustina. Ilikuwa ni moja ya salamu chache za Kinyakyusa alizozijua.

"Ndaga," mzee alijibu. Hakuinua macho.

Hakukaribishwa kiti. Yustina alisimama, mkoba mkononi. Kisha akaona kwamba kusimama kule hakumsaidii mtu. Kwao Muleba watu waliishi kwa kahawa na ndizi kama wanavyoishi Masoko, na kazi ile alikuwa ameifanya tangu alipokuwa mtoto. Akachuchumaa upande wa pili wa rundo, akaanza kutenga. Mbichi huku, mbivu kule, zilizokaukia mtini pembeni.

Mzee alitazama mikono yake kwa muda.

"Kwenu wapi?" aliuliza.

"Kagera, baba. Muleba."

"Huko mna kahawa?"

"Tunayo. Na ndizi kama hizi."

Akaguna. Wakatenga buni. Rundo lilipokuwa limepungua nusu, Yustina alisema bila kuinua uso, "Baba, nimekuja kwa sababu ya siku ile. Wale wageni hawakukucheka wewe. Walicheka nilichowaambia mimi. Niliwaambia vibaya."

"Mimi nilisema maneno mafupi," alisema mzee. "Maneno mafupi unayaharibu vipi?"

Hapo Yustina akaeleza, na haikuwa rahisi kama ubaoni. "Baba, sisi tunasema 'kwa ajili ya' na tunaelewana. Nikisema nimekuja kwa ajili yako, unaweza kuelewa kwamba ni wewe uliyefanya nije, au unaweza kuelewa kwamba nimekuja kwa faida yako. Wenzetu wamegawa. Wana neno la kilichosababisha na wana neno la unachokitafuta. Nilichukua lile la kusababisha. Wao wakaelewa kwamba mkeo yupo hai nyumbani, amekusumbua mpaka ukatoa shamba. Ndiyo maana wakacheka."

Mkono wa mzee ulisimama juu ya buni. "Sekela anisumbue mimi?" alisema. Na kitu kama tabasamu kikapita usoni mwake, kikaondoka haraka. "Alikuwa anasumbua kweli. Lakini si hivyo."

Lugano alitoka jikoni na ndizi zilizopikwa na maharage, akaziweka kwenye stuli. Akamletea mgeni maji ya kunawa. Halafu, kinyume na Yustina alivyotarajia, akaketi nao.

"Baba, nilitaka kukuuliza," alisema Yustina. "Ulitoa shamba kwa sababu mama Sekela alifariki? Au ulitoa ili wengine wasifariki? Nikijua hilo, nitawaambia inavyotakiwa."

Mzee alijimegea ndizi. Alikula kidogo. Kisha akaanza kusimulia, akichanganya Kinyakyusa na Kiswahili, na Lugano akimsaidia pale Yustina alipopotea.

Ilikuwa masika, mwaka ule watu walipohamishiwa vijijini. Uchungu ulimshika Sekela jioni, na asubuhi mkunga akasema mtoto amekaa vibaya, apelekwe Tukuyu. Gari halikuwepo. Vijana wa kanisa walifunga blanketi kwenye miti miwili, wakambeba. Walipofika mtoni wakakuta magogo ya daraja yamechukuliwa na maji. Walimweka chini kwenye nyumba ya mtu wasiyemjua, wakangoja mto upungue. Mtoto akazaliwa humo, akalia. Sekela akamwona. Damu haikukata. Mto ulipopungua vijana walimbeba tena, wakakimbia naye, lakini kwenye kilima cha mwisho kabla ya mji alikuwa amekwisha kunyamaza.

"Mtoto nilimweka ndani ya koti," alisema mzee. "Nilikuwa nasikia anapumua hapa." Akagusa kifua. "Mama yake mbele, kwenye blanketi. Mimi nyuma, na huyu hapa."

Lugano alikuwa ametazama chini.

"Umeniuliza sababu au kusudi," aliendelea mzee. "Miaka mingi ilikuwa sababu tu. Nilikuwa nakwenda pale shambani, nasema, Sekela amekufa. Basi. Sikuwa na la mbele. Nilipanda kahawa kwa kuwa watu wanapanda. Halafu huyu akaolewa, mumewe akaenda Chunya kwenye dhahabu, naye huyu akarudi nyumbani kwangu na mimba. Nikaangalia tumbo lile. Nikaangalia barabara. Siku ileile nilianza kung'oa kahawa."

Aliyefuata kusema ni Lugano, kwa sauti ya chini, akiwa bado hajainua uso.

"Mimi siku zote nilijua ni kwa ajili yangu."

"Nini kwa ajili yako?" aliuliza baba yake.

"Mama kufa. Nilikuwa nasikia kwenye misiba, mashangazi wakikaa pamoja. 'Sekela alikufa kwa ajili ya Lugano.' Tangu nikiwa mdogo. Shuleni tulipofundishwa 'because of' nikaitungia sentensi. Mwalimu akaniwekea tiki."

Mzee Ambindwile alimtazama binti yake kana kwamba amemwona kwa mara ya kwanza. Alisema kitu kwa Kinyakyusa, haraka, kwa ukali, na Lugano akaanza kulia. Kisha akakirudia kwa Kiswahili, labda ili Yustina awe shahidi.

"Mama yako alikufa kwa sababu ya mto, na kwa sababu hatukuwa na gari, na kwa sababu hapakuwa na nesi hapa. Wewe hukufanya kitu. Wewe ulikuwa umezaliwa tu. Alikuangalia, akaniambia, 'Mfunike, kuna baridi.' Ndiyo maneno ya mwisho niliyosikia. Hakuna mtu aliyekuambia?"

"Hapana, baba."

"Mimi ndiye wa kukuambia," alisema mzee. "Nilidhani unajua."

Yustina aliondoka, akaenda kusimama karibu na mgomba ulioanguka, akajifanya anatazama ziwa la Masoko lililokuwa likionekana kidogo kati ya majani. Aliporudi, Lugano alikuwa amelaza kichwa kwenye goti la baba yake, jambo ambalo huenda hakuwa amelifanya tangu alipokuwa mtoto, na mzee alikuwa ameacha mkono wake juu ya kilemba cha binti yake bila kujua aupeleke wapi.

"Basi niambie," mzee alimwambia Yustina. "Jumamosi utawaambiaje? Sema kwa Kiingereza. Huyu atanigeuzia."

Yustina akajaribu. Kwanza alisema mzee ametoa shamba kwa kuwa mkewe alifia njiani. Lugano akafikiri, akamgeuzia baba yake, kisha akasema, "Ni kweli, lakini hapo watatuhurumia tu, halafu watakwenda zao."

Akajaribu "for his wife". Lugano akasema hiyo ni kama zawadi anayopelekewa mtu aliye hai.

"Wao wana msemo wa kumkumbuka marehemu, 'in memory of'," alisema Yustina. "Huwa wanauandika hata ukutani."

Mzee alitikisa kichwa alipoelezwa. "Kaburi lake nimelijengea. Simjengei kaburi la pili."

"Basi 'so that'. Ametoa shamba ili mama yeyote asife njiani tena."

"Hiyo nzuri," alisema Lugano. Baba yake akasikiliza tafsiri, akakubali kwa kichwa, kisha akakunja uso. "Sekela yuko wapi hapo? Mbona ametoka?"

Yustina akaona kwamba katika ule mstari wake wa chaki, mzee huyu hakukaa upande wowote. Wakajaribu tena, wakaongeza, wakapunguza. Mara moja walicheka, pale Lugano alipogeuza sentensi moja na kuwa kwamba Sekela ndiye aliyekuwa anawabeba vijana wa kanisa. Mzee alicheka mpaka akakohoa. Pikapu iliporudi, magunia mawili ya kahawa yakapakiwa, nao walikuwa wamepata maneno ambayo wote watatu waliyaridhia.

"Utakuja Jumamosi, baba?" Yustina aliuliza.

"Nitaangalia hali ya hewa," alijibu mzee.

Kabla hajapanda, Yustina alimgeukia Lugano. "Bado muda gani?"

"Nesi alisema mwezi wa nane."

"Mimi nina chumba na sebule Tukuyu. Hospitali ya wilaya ni mwendo wa kutembea. Mwezi wa saba ukiisha, njoo ukae kwangu usubirie huko. Usingoje uchungu uje huku."

Lugano alimtazama baba yake. Mzee alikuwa anafunga kamba ya gunia, akaifunga tena ilipokuwa imekwisha kufungwa.

"Ndaga fijo," alishukuru hatimaye, akiwa ameielekezea pikapu uso.

Jumamosi kulikuwa na jua la baridi. Wageni walifika, kwaya ikaimba, mafundi wakawa tayari na saruji. Mchungaji Nsajigwa alikuwa anatazama barabara kila mara. Walipokuwa wamekata tamaa, Mzee Ambindwile akatoka kwenye migomba na koti lake jeusi, Lugano akiwa ubavuni mwake, akaja kusimama mbali kidogo na wengine.

Yustina alikuwa amepanga kuzungumza na wageni faraghani. Lakini kicheko kilikuwa cha hadharani, akaona na marekebisho yawe hadharani. Aliomba nafasi kwa Mchungaji, akasimama mbele ya watu.

"Jumanne niliwatafsiria vibaya," aliwaambia wageni kwa Kiingereza, kisha akarudia kwa Kiswahili ili watu wote wasikie. "Mzee alisema jambo la uchungu, mimi nikalifanya likawa mzaha. Leo naomba niseme upya."

Kisha akasema yale maneno, sentensi moja ndefu, akimwangalia mzee na si wageni. Kwamba Ambindwile ametoa shamba hili kwa sababu mke wake Sekela alikufa kwenye barabara hii akimzaa binti yao, na ili binti huyo, na binti wa mtu yeyote, azae pahali penye kitanda na nesi na mlango unaofikika kwa gari. Na kwamba anaomba Sekela asisahaulike katika sababu wala katika kusudi.

Bwana Stefan alikuwa mwekundu mpaka masikioni. Alivua kofia yake, akavuka ule uwazi, mtu mnene yule, akikanyaga udongo wa mashimo, akasimama mbele ya mzee. Alisema maneno machache kwa Kiingereza.

"Anasema alicheka," Yustina alitafsiri. "Anasema anaona aibu sana na anaomba umsamehe."

Mzee Ambindwile alimtazama kwa muda, halafu akampa mkono.

"Mwambie hakujua. Mtu huchekea alichosikia. Mwambie pia jiwe ni zito, anishikie upande ule."

Wakalibeba pamoja. Bi. Karin alikuwa anafuta macho. Mwanakwaya mmoja akaanzisha wimbo wa zamani, ule ambao wazee walisema Sekela alikuwa anauanzisha alipokuwa kwenye kwaya, na ukapokelewa na sauti nyingi.

Si wote walioridhika. Mzee mmoja wa kanisa alilalamika kwamba mwalimu wa kuja amechukua shughuli na kuifanya ya kwake, na chakula kikapoa. Na wodi yenyewe haikusimama upesi. Msingi uliingia masika ya mwaka uliofuata ukiwa hauna ukuta, na ilibidi watu wa Masoko wafyatue matofali wenyewe kabla ya mabati kufika. Lakini ilisimama, na nesi akaja.

Lugano hakuweza kuingoja. Mwisho wa Julai alifika Tukuyu na kapu la ndizi na begi dogo, akakaa chumba kimoja na Yustina. Asubuhi Yustina alikwenda kufundisha, jioni walipika pamoja na kubishana kuhusu chumvi, maana Mhaya na Mnyakyusa kila mmoja anajua ndizi zinavyopikwa. Siku moja Lugano alimuuliza kuhusu masomo ya jioni, kama mtu aliyeishia kidato cha pili anaweza kuanza tena akiwa na mtoto. Yustina akasema anaweza, na kwamba madarasa ya jioni yapo, na mtoto anaweza kulala kwenye kanga chini ya dawati.

Uchungu ulianza asubuhi ya siku ya gulio. Walitembea taratibu hadi hospitali, Lugano akisimama mara kwa mara kushika ukuta, wauza mboga wakimtakia heri. Mtoto alikuwa amekaa vizuri. Mchana alizaliwa wa kiume, mzito, mwenye kelele.

Habari zilifika Masoko kwa mnunuzi wa kahawa, na kesho yake Mzee Ambindwile akatokea wodini, koti jeusi mwilini, kuku mkononi. Nesi alimwambia kuku hawaingii wodini. Akampa Yustina kuku, akanawa mikono mara mbili bila kuambiwa, akakaa kwenye ukingo wa kitanda. Lugano akamkabidhi mtoto.

Mzee alimpokea kwa mikono miwili. Alimkagua vidole, akamkagua masikio. Kisha akainuka naye, akatoka polepole hadi barazani penye jua, na Yustina alipomfuata kuona kama anahitaji msaada alimkuta ameketi kwenye benchi kati ya wanawake waliokuja kliniki, akiwaeleza mmoja mmoja, kwa Kinyakyusa na kwa Kiswahili chake kizito, kwamba binti yake yumo ndani, ni mzima, anakunywa uji.